Gesi Hutambaa Chini, Madirisha Yetu Yako Juu

Jioni moja ya Ramadhani, mwaka 2024, shangazi yangu alisikia uvundo jikoni mwake katika mtaa wa Shella mjini Malindi. Tulikuwa tumekwisha kufuturu, wanaume tumeketi barazani tukinywa kahawa na kusubiri adhana ya isha, na watoto wamejaa uani. Uvundo wenyewe, kama alivyousimulia baadaye, ulikuwa mithili ya kitunguu kilichooza. Naye, kama ambavyo angefanya mwanamke yeyote wa rika lake, alisema panya amefia mahali. Wajukuu wakaamrishwa wainue masufuria, wavute gunia la mchele, wachungulie nyuma ya mtungi wa gesi. Panya hakuonekana. Basi shangazi akafanya alilofunzwa na mama yake: alitia makaa matatu katika chetezo, akayatupia ubani na kipande cha udi, akawaambia watoto, "Tokeni mnipishe, wanangu, nifukize." Kisha akavuka kizingiti cha jiko, akainama na chetezo chake kuelekea pembeni, pale ambapo uvundo ulikuwa mkali zaidi.

Hatukusikia kishindo kama cha bomu. Tulisikia kitu mfano wa pumzi, kana kwamba nyumba nzima imevuta hewa ndani ikaitoa kwa mkupuo, na baada ya hapo ukelele wake.

Ndugu msomaji, siyaelezi haya ili kumtangaza jamaa yangu. Idhini amenipa mwenyewe, kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Nayaeleza kwa sababu ya jambo moja lililonishangaza usiku ule na ambalo limenikosesha raha tangu hapo. Miguu yake iliungua kuanzia nyayo hadi magotini, na pindo la leso likashika moto. Lakini uso wake, nywele zake, hata nyusi zake, hazikuguswa. Moto ulimvamia kama maji ya bamvua yanavyomvamia mtu aliyesimama ufuoni, kutoka chini.

Kaskazi ilikuwa bado haijakatika, na makuti ya paa la jiko yalikuwa makavu kama karatasi. Wenyeji wa Malindi na Watamu hawahitaji kuelezwa jinsi makuti yanavyopeleka moto. Vijana wa jirani walipanda ukutani wakaliangusha paa kwa miti kabla ndimi za moto hazijarukia nyumba ya pili, na wengine wakafanya safu toka kisimani wakipokezana ndoo. Gari la kuzima moto lisingepenya vichochoro vile hata lingekuwa limeegeshwa mlangoni pa msikiti. Mvuvi mmoja alijitosa ndani na gunia lililolowa maji, akaifunga koki ya mtungi, na moto uliokuwa ukitoka hapo ukafa. Namshukuru Mungu kwa ujasiri wake, ingawa nakiri kwamba simshauri mtu mwingine amwige. Mtungi ambao umekwisha kulambwa na moto kwa muda ni wa kukimbiwa, si wa kukumbatiwa.

Shangazi mwenyewe tulimkosea kwa mapenzi. Kabla ya kumfikisha hospitali, jirani mmoja alikuwa amempaka dawa ya meno miguu yote miwili, na mwingine alikwisha kupasua yai. Daktari aliyempokea alitumia muda mrefu kuiondoa dawa ile juu ya ngozi iliyochubuka, na shangazi akapata maumivu ambayo hakustahili. Aliyeungua humiminiwa maji safi ya kawaida kwa muda wa dakika 20, akafunikwa kwa kitambaa safi, akapelekwa kutibiwa. Maji tulikuwa nayo kisima kizima.

Sasa turudi kwenye ile miguu.

Gesi tunayopikia, iliyomo ndani ya mitungi ya kilo 6 na kilo 13, ni mchanganyiko wa gesi mbili ziitwazo propani na butani. Kiwandani hugandamizwa hata zikageuka kuwa maji, ndiyo maana mtungi ukitikiswa huchezacheza ndani. Lita moja ya maji hayo ikifunguliwa hufura ikawa lita zipatazo 250 za gesi. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya ule wa hewa, na butani yakaribia mara mbili. Kwa hivyo gesi hii ikivuja hairuki kwenda zake. Hushuka, ikatandaa sakafuni, ikatambaa chini ya meza na chini ya kitanda, ikatafuta pahali pa bonde kama maji yanavyotafuta. Macho hayaioni.

Mababu zetu walijenga majiko yao kwa kumkabili adui mwingine kabisa, naye ni moshi. Angalia jiko lolote la kale kuanzia Takaungu hadi Mambrui. Ukuta haufiki darini. Huachwa uwazi baina yake na paa. Dirisha, kama lipo, ni dogo na liko juu. Makuti yenyewe hupumua. Chini pana kizingiti cha kuzuia maji ya mvua na kuku wa jirani. Ni ujenzi wa akili, maana moshi ni wa moto, na kitu cha moto hupanda. Jiko la namna hii huutema moshi kwa juu bila ya taabu. Lakini gesi ya mtungi ikivuja humo hulikuta jiko limekuwa karai: kuta pande zote, kizingiti mlangoni, na matundu yote yako mahali ambapo yenyewe haifiki. Hukaa ikisubiri. Nyumba za kisasa za matofali huko Muyeye na Maweni hazina nafuu kubwa, kwani fundi amebadilisha mawe na kuweka mabati, lakini matundu ya hewa ameyaacha pale pale juu, chini ya dari, alipoyaona yakiwekwa na fundi aliyemfundisha.

Wala haihitajiki gesi nyingi. Mchanganyiko huu hushika moto ukiwa ni kiasi cha sehemu 2 hadi 10 katika kila sehemu 100 za hewa. Nilipiga hesabu ya jiko la futi 10 kwa 10 lenye kimo cha futi 8, nikapata kwamba kilo moja ya gesi, yaani sehemu ya sita ya mtungi mdogo, yatosha kulifanya jiko zima liwe la kulipuka. Na kwa kuwa gesi hujikusanya chini, kiasi kidogo zaidi ya hicho kitafanya kazi hiyo kwa kimo cha magoti. Hicho ndicho kimo kilichomuunguza shangazi.

Ule uvundo nao una historia yake. Kwa asili gesi hii haina harufu yoyote. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London jimboni Texas, Marekani, gesi asilia isiyo na harufu ilivuja chini ya sakafu ya shule, ikalipuka, na watoto na walimu wapatao 300 wakafa. Baada ya msiba huo ikawa sheria huko kutia gesi kemikali yenye kunuka vibaya, na desturi hiyo ikaenea duniani. Kemikali itumiwayo, jamii ya merkaptani, pua ya mtu huinusa kabla gesi haijafikia kiwango cha kulipuka. Uvundo ule, kwa maneno mengine, ni kengele. Nasi watu wa pwani tuna mila njema ya kuukomesha uvundo kwa kufukiza, na ufukizaji hautimii bila kaa la moto. Shangazi aliisikia kengele ikilia akaenda kuinyamazisha kwa chetezo. Nani alikuwa amemwambia kwamba ile ni kengele? Mimi mwenyewe, mwenye kujidai kuandika magazetini, sikuwahi.

Na haikuwa kwamba habari za gesi hazikutufikia. Usiku wa Alhamisi tarehe 1 Februari mwaka huo huo, gari lililojaa gesi lililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu watatu walithibitishwa kufa katika saa za mwanzo, idadi ikaongezeka baadaye, na karibu watu 300 wakajeruhiwa. Mamlaka ya kusimamia kawi na petroli, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kujenga kiwanda cha gesi mahali hapo yaliletwa mara tatu mwaka 2023, mwezi Machi, Juni na Julai, na yote yakakataliwa, mojawapo ya sababu ikiwa ni wingi wa watu waishio hapo. Kiwanda kilikataliwa kwenye karatasi, gesi ikaendelea kujazwa. Tulizisikiliza habari hizo redioni pale pale barazani pa shangazi, tukatikisa vichwa, tukasema Nairobi imeharibika. Mtungi ulikuwa hatua kumi nyuma yetu.

Mtungi huo aliununua kwa kijana mwenye mkokoteni, kwa bei iliyopungua shilingi mia mbili kuliko ya dukani. Haukuwa na muhuri. Pete ya mpira iliyomo mdomoni, ile nyembamba ambayo watu wengi hawajapata kuitazama, ilikuwa imechanika. Nilipomuuliza kijana huyo siku ya tatu yake gesi yake huitoa wapi, alinijibu bila wasiwasi, "Kuna mzee hutujazia, kaka." Namna ya kujaza yajulikana na kila mtu isipokuwa, yaelekea, wale waliopewa mishahara waijue. Mtungi mkubwa wa kilo 50 hupinduliwa kichwa chini, ukaunganishwa na mdogo kwa mpira, na gesi ya ndani ya ule mdogo ikaachiliwa kwanza hewani ili ile nyingine ipate njia. Mzani haupo. Mwenye bahati huuziwa kilo nne kwa bei ya sita. Asiye na bahati hujaziwa kupita kiasi, na hilo ni baya zaidi, maana mtungi unapaswa kuachwa na nafasi ya kama sehemu moja kwa tano ili maji ya gesi yapate pa kufuria wakati wa joto. Mtungi usio na nafasi hiyo, ukiachwa kwenye jua la Malindi la mwezi Machi, vali yake ya usalama hufunguka yenyewe na kumwaga gesi pale ulipo.

Kanuni za gesi za mwaka 2019 zimekataza yote hayo. Zinasema mtungi utajazwa na mwenye chapa yake, au na yule aliyepewa ruhusa na mwenye chapa, na kila muuzaji awe na leseni. Kanuni ni nzuri. Nimeziona pia operesheni zake: polisi huja, mitungi hupangwa mstari mbele ya kamera, na baada ya wiki mbili mkokoteni hupita tena ukigonga kengele. Lakini sitaki kumtupia mawe kijana wa mkokoteni peke yake, kwani aliyemtengenezea soko ni mwingine. Mwaka 2016 serikali iliondoa kodi ya VAT juu ya gesi ya kupikia, tukashangilia. Mwezi Julai 2021 ikairudisha kwa asilimia 16. Mwaka 2022 ikaishusha hadi 8, na mwaka 2023 ikaiondoa. Katikati ya hayo, tangu Septemba 2018, mafuta ya taa yakaongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili watu wasiyachanganye na dizeli. Mama wa Kisumu Ndogo au Barani aliyefukuzwa kwenye stovu kwa ushuru, akakaribishwa kwenye gesi kwa msamaha, kisha msamaha ukanyakuliwa akiwa amekwisha kununua mtungi, mlitaka aende wapi kama si kwa mkokoteni?

Wako watakaosema, basi na turudi kwenye seredani na kuni. Nawaomba wasinifanye shahidi wao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wengi wa wapuliziao moto kwa midomo yao twawajua kwa kikohozi. Msitu wa Arabuko-Sokoke nao umekatwa vya kutosha. Isitoshe, seredani ina gesi yake pia. Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu usingizini katika chumba kilichofungwa. Haya ya kuchagua baina ya hatari na salama hatunayo. Tunachagua hatari ambayo tunaijua.

Na hatari zenye kushika moto zimetuzunguka kuliko tunavyodhani. Mkebe wa dawa ya mbu ya kupuliza, ambao hakuna nyumba Malindi isiyo nao msimu wa mvua, aghalabu husukumwa na butani hiyo hiyo au jamaa zake. Anayepuliza huku mshumaa unawaka amejitengenezea mwenge. Friji mpya nyingi zimeacha gesi ya zamani iliyoharibu anga na sasa hutumia isobutani. Imo kidogo tu ndani yake, lakini fundi aliyezoea friji za zamani, azichomelee bomba kwa moto bila kuitoa kwanza, atashangazwa. Chumba kinachochajiwa betri za asidi hutoa haidrojeni, ambayo huwaka kuanzia sehemu 4 kwa 100 hadi 75, na ambayo, kinyume cha gesi ya mtungi, hukimbilia darini. Hapo matundu ya juu ya mababu yafaa sana.

Mafundi wa jua kali ndio wanaonitia hofu zaidi. Baadhi yao bado hutengeneza asetilini wenyewe kwa kumimina maji juu ya mawe ya kabidi ndani ya pipa. Asetilini haina subira. Huwaka ikiwa sehemu mbili na nusu tu kwa 100, na ikigandamizwa kupita kiasi hupasuka hata kama hamna hewa ndani wala cheche. Ndiyo sababu mitungi yake halisi imejazwa kitu mfano wa sifongo kilicholoweshwa asetoni, na haifai kulazwa ubavu inapotumika. Pipa la jua kali halina sifongo.

Juu ya vyoo nitasema moja tu. Desturi ya kuteremsha taa kisimani ili kupima hewa ni ya hekima, maana taa ikizimika mtu hushtuka asiingie. Lakini shimo la choo si kisima. Mna methani, ambayo hulipuka ikiwa ni sehemu 5 hadi 15 kwa 100, na mna gesi nyingine yenye harufu ya yai viza ambayo ikizidi huiua pua kwanza, mtu akadhani uvundo umekwisha, kisha ikamuua yeye. Asishushwe taa humo, wala asishushwe kijana.

Miaka ya nyuma tulijivunia pia gesi yetu wenyewe. Mwaka 2012 kisima kilichoitwa Mbawa, kilichochimbwa na kampuni ya Apache katika bahari ya pwani yetu, kiligonga gesi asilia, na Malindi ikajaa maneno ya utajiri. Ikaonekana haitoshi kwa biashara. Nakumbuka semina zilizofanywa hotelini juu ya gesi iliyokuwa chini ya bahari, na kahawa ikanywewa. Juu ya gesi iliyokuwa chini ya meza ya jikoni sikualikwa semina hata moja.

Ninachokitaka si kikubwa. Serikali ya kaunti ya Kilifi inapopitisha ramani ya nyumba, na imdai mwenye nyumba tundu la hewa lililo sawa na sakafu ya jiko, lielekee nje, si kwenye chumba cha kulala. Mtungi ukiweza kukaa nje ya ukuta, na mpira upitishwe ndani, ni bora zaidi. Muuzaji apime mtungi mbele ya mnunuzi. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa juu yake, hivyo mwenye kujua kujumlisha hadanganyiki. Na kina mama wafunzwe mahali ambapo huwa wapo: kwenye vyama, kwenye maulidi, kwenye mikutano ya chifu, na kanisani kwa wale wa kanisani. Somo lenyewe halimalizi robo saa. Ukisikia kitunguu kilichooza, usiwashe kitu wala usizime kitu, hata taa ya umeme, kwa kuwa swichi hutoa cheche. Funga koki, fungua milango, watoe watoto, uuache upepo ufagie. Kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni kwenye kichwa cha mtungi na mpira wake, panapochemka ndipo. Nimewahi kumwona mwanamume mtu mzima akipima kwa kiberiti.

Shangazi alikaa hospitali siku kumi na moja, na Idi ikamkuta angali ana bendeji. Siku hizi hutembea vizuri, ingawa ngozi ya miguu haijarudia rangi yake, na havai tena viatu vya wazi mbele za watu. Jiko limejengwa upya. Alimsimamia fundi mwenyewe akiwa ameketi kitini, akamwamuru atoboe matundu mawili chini kabisa, usawa wa sakafu, na kizingiti akakivunja. Fundi alibisha siku nzima. Alisema hajapata kuona nyumba inayotobolewa miguuni, na kwamba kaa na panya watafanya hiyo njia yao.

Katika jambo la panya alisema kweli. Nilipopita wiki iliyopita kumwamkia, nilimkuta anatafuta wavu wa chuma wa kuzibia.